Pima chati kabla hujapima macho: mwongozo kamili wa chati ya E kwa nyumbani na shuleni

Wasomaji wengi wamejaribu kupima macho ya watoto na wazee wao kwa chati ya E, ile yenye E za ukubwa tofauti ambayo anayepimwa huonyesha miguu ya E imeelekea wapi, na karibu wote wamekwama mahali pamoja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Arusha alipima darasa lake akakuta karibu nusu ya watoto hawasomi mstari wa 6/12, yaani E ambayo mwenye macho mazima angeiona kwa mita 12, wao wakiwa mita 6. Wazazi waliitwa, wengine wakaanza kuulizia bei za miwani. Nilimwomba aweke rula kando ya chati anitumie picha. E iliyopaswa kuwa na urefu wa milimita 17.5 ilikuwa na milimita 12.

Watoto wale hawakuwa na kosa. Waliambiwa wanapimwa 6/12, kumbe walikuwa wanadaiwa kitu cha karibu 6/8, tena ndani ya darasa lenye madirisha upande mmoja. Chati ni kipimo kama mizani ya dukani. Isipopimwa yenyewe kwanza, kila utakachoandika baada ya hapo ni cha kubuni.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke ya pili hata ukiwa na haraka.

## Vitu vya kuandaa

- Rula yenye milimita zinazosomeka vizuri
- Futi ya kuvuta ya fundi, au kamba uliyoipima mita 6 kamili
- Manila nyeupe na nyeusi, wembe mpya, gundi
- Kipande cha boksi gumu kinachotosha kuziba jicho
- Selotepu ya karatasi ya kuweka alama sakafuni
- Sindano au pini
- Kiti kisichoyumba
- Daftari, kalamu na msaidizi mmoja

Usiipeleke chati kupigwa laminesheni. Najua inavutia na inazuia vumbi, lakini plastiki ile inang'aa, na mng'ao ukimwangukia anayepimwa utafuta E nzima mbele ya macho yake.

## Hatua ya 1: Tengeneza E zenye vipimo vya kweli

E ya kupimia macho siyo E ya kawaida ya kompyuta. Ni mraba uliogawanywa sehemu 5 kwa 5. Kila mguu una unene wa sehemu 1, na kila nafasi kati ya miguu ni sehemu 1. E za kawaida za kuandikia huwa nyembamba kuliko urefu wake, na mguu wa kati mara nyingi ni mfupi. Hazifai, hata zikiwa na urefu sahihi.

Sababu yake ni hii. Jicho lenye 6/6 linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika 1 ya nyuzi, yaani sehemu 1 ya 60 ya nyuzi moja. Ukiwa mita 6 mbali, dakika 1 ni takriban milimita 1.75. Mguu wa E ndogo kabisa una unene huo huo, na E nzima ina mara 5 yake: milimita 8.7. Sizi nyingine zote zinatokana na hiyo kwa kuzidisha.

Kwa umbali wa mita 6, urefu wa E ni:

- 6/60: milimita 87.3
- 6/36: milimita 52.4
- 6/24: milimita 34.9
- 6/18: milimita 26.2
- 6/12: milimita 17.5
- 6/9: milimita 13.1
- 6/6: milimita 8.7

Kwa nyumbani au darasani huhitaji zote. Mimi kwa kawaida hutumia nne tu: 6/60, 6/18, 6/12 na 6/6. Nyingine ni za kliniki, na kadiri zinavyoongezeka mtoto huchoka na kuanza kubahatisha.

Zile kubwa zitengeneze kwa mkono, na njia rahisi siyo kuchora. Kata mraba mweusi wa manila, kisha bandika juu yake vipande viwili vyeupe. Kwa 6/60, mraba ni milimita 87 kila upande, na kila kipande cheupe ni milimita 70 kwa 17.5. Kimoja kikae safu ya pili kutoka juu, kingine safu ya nne, vyote viguse ukingo mmoja. Ukiinua mkono, E iko mezani, imenyooka kuliko ambavyo ungeichora. Kwa 6/18, mraba ni milimita 26.2 na vipande ni 21 kwa 5.2. Kwa 6/12, mraba 17.5 na vipande 14 kwa 3.5. Hapo wembe mpya utakufaa sana.

Ya 6/6 usijaribu kwa mkono. Vipande vyake ni milimita 7 kwa 1.75, na tetemeko dogo la kidole linaharibu kila kitu. Ichore kwenye kompyuta kwa mtindo ule ule, mraba mweusi na mistatili miwili myeupe, kisha iprinti.

Bandika kila E katikati ya kadi yake nyeupe ya mraba, ili kadi ikigeuzwa isijulikane upande wa juu ni upi.

Kama chumba chako hakifikii mita 6, gawa kila urefu kwa 2 na upime kwa mita 3. Majibu yaandike vile vile, 6/12 ibaki 6/12, kwa sababu pembe machoni haijabadilika.

## Hatua ya 2: Pima chati yenyewe

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na kosa linaanzia kwenye steshenari. Unatuma picha kwa WhatsApp, picha inabanwa njiani, kijana wa steshenari anaifungua na kuprinti kwa kuijaza ukurasa. Mashine inaipunguza au kuikuza yenyewe na hakuna anayekwambia.

Fanya hivi. Kwenye ukurasa huo huo chora mstari wa milimita 100. Peleka faili kwa flashi, au litume kama dokumenti badala ya picha. Mwombe muuzaji aprinti kwa asilimia 100 bila kujaza ukurasa. Karatasi ikitoka, weka rula kwenye ule mstari kabla hujalipa. Ukisoma 94, karatasi imepungua kwa asilimia 6, rudisha. Ukisoma 100, pima E yenyewe, urefu na upana pia.

Onyo: usipime chati kwenye kioo cha simu kwa kuikuza kwa vidole. Simu hailindi milimita zako. Zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Peek Acuity, ambazo hurekebisha ukubwa wa E kulingana na kioo cha simu husika. Hizo ni tofauti na picha iliyopakuliwa tu.

Utajua umefaulu rula ikikubaliana na orodha ya hapo juu, na tofauti isizidi nusu milimita kwa zile kubwa. Kwa 6/6 usikubali tofauti unayoweza kuiona.

## Hatua ya 3: Weka umbali na mwanga

Umbali hupimwa kutoka kwenye E hadi kwenye macho ya anayepimwa. Siyo hadi miguuni, siyo hadi mguu wa mbele wa kiti. Mtu akae, mgongo uegemee kiti, ndipo uvute futi hadi usawa wa macho yake. Kisha weka selotepu sakafuni kwenye miguu yote minne ya kiti, kwa sababu kiti kitasogezwa, na aghalabu kitasogezwa mbele.

Uzito wa jambo hili uuone kwa hesabu. Ukipima kwa mita 4.5 badala ya 6, E ya 6/12 inaonekana machoni kama E ya 6/16. Mtoto mwenye 6/16 atafaulu, utamwandikia yuko salama, na mwaka wake wote darasani utapotea akitazama ubao usiosomeka.

Mwanga nao una mtego wake huku kwetu. Mjini Moshi kuanzia Juni hadi Julai mawingu hukaa siku nzima, na kwenye vihamba vya Machame au Marangu migomba imeifunika nyumba. Ndani ya sebule kama hiyo saa nne asubuhi, hata macho mazima yanakosa mistari miwili, yaani saizi mbili za E. Nilimpima mama mkwe wangu sebuleni nikapata 6/24, tukashika roho. Tulipohamia barazani, chati ile ile, umbali ule ule, alisoma 6/12 bila kusita.

Weka chati barazani kwenye kivuli chepesi, mwanga wa mchana uiangukie kwa mbele. Jua lisiwe nyuma ya chati wala usoni mwa anayepimwa. Kusiwe na kivuli cha nguzo au mti kinachokata kadi. Mwenye macho mazima akikaa kwenye kile kiti akasoma 6/6 bila kukunja uso, mahali pako panafaa. Asiposoma, usianze.

## Hatua ya 4: Fundisha mchezo kabla ya kupima

Mwambie mtoto hivi: "Hii ni meza imelala, ina miguu mitatu. Nionyeshe kwa mkono miguu imeelekea wapi." Watoto wa chekechea wanaelewa papo hapo, na bibi asiyesoma wala kuandika anaelewa vile vile. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia E badala ya herufi mchanganyiko.

Fanya mazoezi mkiwa mita 1 tu, macho yote mawili wazi, kwa E kubwa. Akipatia mara nne mfululizo, ameelewa. Akikosea kwa mita 1, usiandike kwamba haoni. Mara nyingi hajaelewa, au anachanganya mkono wa kulia na kushoto anapoambiwa aseme kwa mdomo. Mwachie aonyeshe kwa mkono.

Kwa wazee wetu, eleza kwanza kwa heshima kwamba huu si mtihani. "Shikamoo bibi, leo nataka tujue macho yako yanafika wapi ili tumwambie daktari." Mzee akihisi anajaribiwa, atasema "naona, naona" hata pale asipoona.

## Hatua ya 5: Pima jicho moja moja

Anza na jicho la kulia siku zote. Ni desturi inayozuia kuchanganya majibu daftarini.

Msaidizi azibe jicho la kushoto kwa kile kipande cha boksi. Vidole havifai, mtoto huchungulia katikati yake. Wala boksi lisikandamize jicho, maana likibanwa litaona ukungu kwa dakika kadhaa na zamu yake ikifika litaonekana bovu. Kama mtu ana miwani ya kuonea mbali, apimwe akiwa ameivaa. Miwani ya kusomea aivue.

Onyesha E ya 6/60. Akiiona, shuka kwenye 6/18, 6/12 na 6/6. Kwa kila ukubwa onyesha mara 5, ukigeuza kadi nyuma ya mgongo wako kila mara. Afaulu mara 4 kati ya 5 ndipo umhesabie.

Namba hizo zina sababu. E ina pande nne tu, kwa hiyo anayebahatisha hupatia mara 1 kati ya 4. Ukikubali 3 kati ya 5, anayebahatisha tu atapita karibu mara 1 kati ya 10. Ukidai 4 kati ya 5, nafasi yake inashuka hadi 1 kati ya 64.

Wakati wa kupima:

- Usiseme "sawa" wala "umekosa". Sema "haya, nyingine".
- Usigeuze kadi kwa mpangilio. Watoto huunasa haraka.
- Asikunje jicho. Kope zikibana, huchuja mwanga na kuupitisha kwenye upenyo mwembamba, na jicho linaona vizuri kuliko uwezo wake wa kila siku.
- Asisogeze kichwa mbele. Sentimita 30 za kuinama ni asilimia 5 ya umbali wako.

Akishindwa 6/60 kwa mita 6, msogeze hadi mita 3. Akiiona hapo, andika 3/60. Asipoiona, sogea mita 1, akiiona andika 1/60. Zaidi ya hapo andika kama anaona mkono ukipunga, au anaona mwanga tu.

Namba ya juu ni umbali aliokaa. Ya chini ni umbali ambao mwenye macho mazima angeweza kuiona E hiyo hiyo. Mwenye 6/18 anaona kwa mita 6 kile ambacho mwenzake angekiona kwa mita 18.

## Hatua ya 6: Tundu la pini

Kwa aliyeshindwa 6/12, usiishie hapo. Toboa kipande cha manila nyeusi kwa sindano, tundu la kama milimita 1 hadi 1.5. Mwambie achungulie humo kwa jicho lile lile, jingine likiwa limezibwa, kisha rudia.

Tundu huzuia miale inayoingia jichoni kwa pembeni na kubakiza ile ya katikati, ambayo haihitaji sana kukunjwa na lenzi. Akiona vizuri zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo lake ni la miwani. Asipobadilika, au akiona vibaya zaidi, huenda kuna mtoto wa jicho au tatizo la nyuma ya jicho, na miwani ya kununua barabarani haitamsaidia. Andika majibu yote mawili, ya bila tundu na ya kwa tundu. Daktari atayatumia.

## Mbona anasoma 6/6 na bado analalamika?

Swali hili linaulizwa sana. Chati hii ina E nyeusi tii kwenye karatasi nyeupe pee, ilhali maisha hayako hivyo. Ngazi ya saruji kuukuu, mtu mwenye koti la kijivu jioni, chai ya rangi ndani ya kikombe cha kahawia: hivyo vinahitaji jicho litofautishe rangi zinazokaribiana. Ndiyo maana mwaka 1988 Denis Pelli na John Robson walitoa chati yenye herufi za ukubwa mmoja zinazofifia hatua kwa hatua hadi kupotea, inayosomwa kwa mita 1.

Nyumbani huwezi kuitengeneza kwa uhakika, kwa sababu printa hazikubaliani kuhusu kijivu. Unachoweza kufanya ni kuprinti E chache kubwa za kijivu kinachozidi kufifia na kulinganisha jicho moja na jingine la mtu yule yule. Jicho moja likipoteza E mbili au tatu mapema kuliko lenzake, mwambie daktari. Mtoto wa jicho mara nyingi hujitokeza huko kabla 6/6 haijaguswa.

Pia kuna mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea anayesoma 6/6 mbali lakini hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Huyo ni suala la kuona karibu, na chati hii haikutengenezwa kwa ajili yake.

## Kwa nini usipime kwa video

Watoto walioko Dar es Salaam wanampigia baba yao Moshi kwa video, wanamwonyesha E kwenye kamera. Nia ni njema kabisa, lakini wanachopima ni simu.

Chukua simu inayorekodi picha ya pikseli 1920 kwa upana, na lenzi inayoona upana wa nyuzi 65. Kila nyuzi 1 inapata pikseli zisizofika 30, kwa hiyo kila dakika ya nyuzi inapata nusu pikseli. Mguu wa E ya 6/6 ukiwa mita 6 kutoka kwenye kamera hauna hata pikseli moja ya kuusimamia. Umeshapotea kabla haujasafiri.

Kisha simu inachuja. Kwanza inalainisha chengachenga za kwenye giza, na ulainishaji huo haujui kutofautisha chenga na mguu wa E. Halafu inabana video ili ipite kwenye mtandao. Ubanaji huo umejengwa juu ya udhaifu wa macho ya binadamu: kwa kuwa jicho halishiki vizuri mabadiliko madogo ya rangi, kwa kawaida rangi huhifadhiwa kwa robo tu ya idadi ya pikseli, na michirizi myembamba iliyofifia hutupwa. Kwa kutazama harusi ni ufundi mzuri sana. Kwa kupima jicho, umemwondolea mpimwaji kitu kile kile unachotaka kujua kama anakiona.

Ukitaka kushuhudia, weka kadi zako ukutani, simama mita 6, rekodi bila kukuza, kisha tazama video. E ya 6/60 itakuwa na miguu yake. Ya 6/6 itakuwa doa la kijivu.

Hukumu hiyo iendeleze kwa kila kinachokaa kati ya kadi na jicho: kioo cha dirisha chenye vumbi, chandarua, pazia jepesi, miwani yenye mikwaruzo. Vyote ni machujio. Futa miwani ya mtu kwa kitambaa safi kabla hujamwandikia jibu.

## Nini cha kufanya na majibu

Mpeleke kliniki ya macho yeyote aliyeshindwa 6/12 kwa jicho lolote, na yeyote ambaye macho yake yanapishana kwa mistari miwili au zaidi. Kwa mtoto usisubiri likizo. Jicho lililozembea likiachwa, ubongo huzoea kulipuuza, na tiba hufanya kazi vizuri zaidi katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mjini Moshi kuna idara ya macho katika hospitali ya KCMC. Kama hujui uanzie wapi, anza na hospitali ya rufaa ya mkoa: Mawenzi kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha.

Usisubiri kupima chochote, nenda siku hiyo hiyo, ukiona haya:

- Mboni ya mtoto ina weupe, au inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu
- Uwezo wa kuona umepungua ghafla
- Mtu anaona kama radi, au pazia linashuka pembeni
- Jicho jekundu lenye maumivu makali na taa zinaonekana zina duara

Usiweke dawa ya kienyeji jichoni, wala matone yaliyobaki ya jirani.

Na mwenye 6/6 usimwambie macho yake ni mazima. Presha ya macho hula uwezo wa kuona pembeni kimyakimya huku katikati pakibaki safi. Aliye na ndugu mwenye presha ya macho, au mwenye kisukari, aende kupimwa hata kama amesoma E zote.

Daftarini andika mstari mmoja kwa kila mtu: tarehe, umri, jicho la kulia bila tundu na kwa tundu, la kushoto vivyo hivyo, alivaa miwani au hakuvaa, alipimiwa wapi na saa ngapi. Mfano: "Kulia 6/18, tundu 6/9. Kushoto 6/6. Bila miwani. Barazani, saa tano asubuhi, mita 6." Ile 6/9 utaipata ukiwa umetengeneza kadi yake ya milimita 13.1, na kwa ajili ya hatua ya tundu nakushauri uitengeneze. Ukurasa huo upige picha, au uchane kabisa, aende nao kliniki.

Kadi zihifadhi bapa ndani ya bahasha, mbali na moshi wa jikoni, kwa kuwa karatasi ikigeuka njano weusi wa E hupoteza nguvu. Siku ukizitoa tena, anza na rula.